Ngumi Tano za Xingyi: Mwongozo Kamili wa Kupiga kwa Chuma, Maji, Mti, Moto na Udongo

Ukitaja "sanaa za ndani" za Uchina, wengi huwaza wazee wa bustanini wakicheza Taijiquan taratibu alfajiri. Xingyiquan (kwa kifupi Xingyi) ni sanaa ya kupigana ya ukoo huohuo, pamoja na Taiji na Baguazhang, lakini upole huo haina. Huenda mbele kwa mstari ulionyooka, hufika, hupiga. Imekulia kaskazini mwa Uchina, katika mikoa ya Shanxi na Hebei, na msingi wake ni mapigo matano tu, kila moja limepewa asili yake: chuma, maji, mti, moto na udongo.

Niseme mapema ninavyoiona nadharia hii. Asili tano ni namna ya kukumbuka nguvu inatoka wapi na inaelekea wapi. Ukizisoma hivyo zitakusaidia kila siku ya mazoezi. Ukizisoma kama nguvu za siri zitakazomwangusha mtu zenyewe, utapigwa, tena na mtu asiyejua hata moja kati ya hizo tano.

Nadharia kwa kifupi, kabla ya kukunja ngumi

Anayejua falaki ya pwani amezoea nyota za moto, upepo, maji na udongo. Hizo ziweke kando. Za Wachina ni tano, upepo haumo, chuma na mti vimo, na hazielezi vitu bali mienendo inayopokezana. Mizunguko yake ni miwili.

Wa kwanza ni wa kuzaa: chuma huzaa maji, maji hulisha mti, mti huwasha moto, moto huacha majivu yanayogeuka udongo, na ndani ya udongo hupatikana chuma. Wa pili ni wa kushinda: chuma hukata mti, mti hupenya udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha chuma.

Mapigo yenyewe ni haya. Pi ni chuma, hupasua kutoka juu kama shoka. Zuan ni maji, hupanda huku ikijisokota. Beng ni mti, huenda moja kwa moja kama mshale. Pao ni moto, hulipuka kama mzinga. Heng ni udongo, hukingama. Ukiyafuata kwa mpangilio huo, Pi hadi Heng, utaona umefuata mzunguko wa kuzaa bila kuruka hata hatua moja. Ndiyo maana shule za Hebei hufundisha hivyo. Mzunguko wa kushinda tutauhitaji baadaye, ukishapata mwenzako wa kufanya naye.

Walimu huongeza viungo vya mwili: Pi kwa mapafu, Zuan kwa figo, Beng kwa ini, Pao kwa moyo, Heng kwa wengu. Hayo yametoka katika tiba ya jadi ya Kichina, na ni vyema kuyajua ili uelewe mwalimu anaposema "pigo la ini" akimaanisha Beng. Lakini mwenye maumivu ya kifua aende hospitali, asiongeze idadi ya Pao.

Historia nitaipitia haraka, maana imejaa ngano. Simulizi humtaja Jenerali Yue Fei (1103–1142) kuwa mwanzilishi, na hilo halina ushahidi wa kutosha. Mtu wa kwanza anayeshikika ni Ji Jike wa Shanxi, katika karne ya 17. Baada yake sanaa ikakaa na ukoo wa Dai, na katika karne ya 19 Li Luoneng, mwenyeji wa Hebei, akaipata kwao na kuipa sura inayofahamika leo. Sun Lutang (1860–1933) akachapisha kitabu chake juu yake mwaka 1915, na wasomi wakaanza kuijadili. Jambo moja la kukumbuka: huko Henan kuna tawi liitwalo Xinyi Liuhe, lililotunzwa na Waislamu wa kabila la Hui. Wao hufundisha kwa miondoko inayoiga wanyama kumi, na ngumi tano hawana kabisa. Wanapiga vilevile, tena kwa ukali sana. Hilo pekee latosha kuonyesha kwamba asili tano ni mtaala, na kwamba chemchemi ya nguvu iko kwingine: katika miguu na mgongo.

Hatua ya kwanza: kusimama

Mkao wa msingi unaitwa Santi. Kila pigo huanzia hapa na hurudi hapa, kwa hiyo ukikosea hapa utakosea mara tano.

Simama wima, visigino vimegusana, mguu wa kushoto ukielekea mbele na wa kulia umefunguka nyuzi 45. Kunja magoti kidogo. Sogeza mguu wa kushoto mbele na uache uzito mwingi nyuma, kati ya asilimia 60 na 70. Umbali sahihi ni ule unaokuwezesha kuinua mguu wa mbele bila kiwiliwili kuyumba wala kuegemea nyuma. Ukilazimika kuyumba, umejinyoosha mno, urudishe.

Mkono wa kushoto uwe mbele, kiganja wazi, vidole kimo cha mdomo, kiwiko kimeinama na kuelekea chini. Mkono wa kulia ukae mbele ya kitovu, kiganja kikitazama chini. Ncha ya pua, ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa mbele na kidole gumba cha mguu wa mbele viwe kwenye mstari mmoja. Utosi unapanda, kidevu kinaingia ndani kidogo, mabega yanashuka, kifua kimelegea, kifandugu kimeelekezwa chini. Ulimi uguse kaakaa. Pumua kwa pua, pumzi ifike tumboni.

Anza na dakika mbili kila upande. Mapaja yataanza kutetemeka, na hilo ni la kawaida. Maumivu ndani ya goti si ya kawaida: simama juu zaidi, na hakikisha goti la nyuma linaelekea kule vidole vinakoelekea. Ukifika dakika kumi kila upande bila mabega kupanda masikioni, uko tayari kutembea.

Kuna kipimo kizuri. Mwambie mwenzako akusukume taratibu kwenye kiganja cha mbele, kuelekea begani kwako. Msukumo ukiusikia kwenye unyayo wa nyuma, mkao umeungana. Ukiusikia begani au kiunoni, kuna mahali pamekatika. Shusha kiwiko, legeza kifua, jaribuni tena.

Hapa ndipo pa kuzijua zile "sita zinazopatana". Tatu ni za nje: bega na nyonga, kiwiko na goti, mkono na mguu. Tatu ni za ndani: moyo na nia, nia na qi (pumzi ya uhai, kwa Wachina), qi na nguvu. Za ndani zina maneno mengi. Mwanzoni zichukue hivi tu: jua unapiga wapi kabla mwili haujaondoka, na usizuie pumzi. Za nje hazina mjadala. Utazikagua kwa macho, kwenye kioo au kwenye video ya simu.

Hatua ya pili: mguu unaofuata

Xingyi hupiga kwa mwili mzima unaosafiri, na mwili husafirishwa na mguu wa nyuma. Ukiwa kwenye Santi, sukuma ardhi kwa mguu wa nyuma. Wa mbele uende, unyayo ukiambaa karibu na ardhi. Mara unapotua, wa nyuma ufuate nusu hatua, uishie kwenye umbali uleule uliokuwapo mwanzo. Usiruke. Kichwa kibaki kimo kimoja kana kwamba dari iko juu yake.

Wanaojifunzia kwenye sakafu ya saruji mara nyingi huanza kupiga kishindo kwa mguu ili pigo lisikike lina nguvu. Acheni. Kishindo cha makusudi huumiza kisigino na goti, na nguvu iliyokwisha kwenda ardhini haiendi tena kwa mpinzani. Udongo ulioshindiliwa au nyasi fupi ni bora, na viatu vyepesi vya soli bapa vinatosha.

Fanya mwendo huu peke yake, mikono kiunoni, mpaka usiufikirie tena.

Hatua ya tatu: Pi, nayo ichukue muda wako mwingi

Pi ni mama wa mazoezi yote, ijapokuwa udongo ndio wenye sifa hiyo kwenye nadharia. Wanafunzi wa zamani walikaa nayo muda mrefu kabla ya kuonyeshwa pigo la pili, na sioni sababu ya kuwasahihisha. Jipe mwezi mmoja au miwili.

Anza kwenye Santi, kushoto mbele.

Kwanza, vuta mkono wa kushoto kuelekea tumboni huku ukiukunja ngumi, kama unayevuta kitu kilichoshikwa na mtu mwingine. Wa kulia nao ukunje pale kitovuni.

Pili, ngumi ya kushoto ipande katikati ya kifua na itokee mbele ya mdomo, ikijisokota hadi upande wa vidole utazame juu. Wakati huohuo mguu wa kushoto uende mbele kidogo, vidole vikifunguka nje. Ngumi na mguu vifike pamoja.

Tatu, ngumi ya kulia ipande ikifuata kigasha cha kushoto. Mguu wa kulia uvuke mbele. Ngumi mbili zinapokutana, zigeuze na uzifungue: kiganja cha kulia kiende mbele na chini kwa pamoja, cha kushoto kirudi kitovuni. Mguu wa kushoto ufuate nusu hatua. Sasa uko kwenye Santi, kulia mbele. Rudia kwa upande wa pili.

Neno la kuzingatia ni "mbele na chini". Wengi hupiga chini tu, kiganja kikaangukia hewani mbele ya tumbo lao wenyewe. Mstari wa kweli unakata mshazari: unaanzia kimo cha paji la uso la mpinzani na kuishia kifuani mwake, huku mwili wako wote ukimwingilia. Mkono unaorudi nao una kazi: ndio unaovuta mkono wa mpinzani chini ili uso wake ubaki wazi. Kosa la pili ni kufika kwa mkono kabla ya mguu. Hapo unapiga kwa uzito wa mkono peke yake. Fanya polepole kiasi kwamba ungeona tofauti hata ya nusu sekunde, kisha ongeza kasi bila kuirudisha tofauti hiyo.

Nenda mara 20 au 30, geuka, rudi.

Hatua ya nne: yale manne mengine

Zuan, maji. Mkono wa mbele ugeuke na kufunika chini, kiganja kikitazama ardhi, kama unaubana mkono wa mpinzani. Ngumi ya nyuma ipande kutoka tumboni, ipite juu ya kifundo cha mkono huo na ichomoke hadi kimo cha pua, upande wa vidole ukikutazama. Mguu wa upande wa ngumi ndio unaovuka mbele. Kiwiko kisifunguke nje: kikifunguka, mbavu zako ziko wazi na msokoto umepotea. Shabaha ni kidevu, kutoka chini.

Beng, mti. Ni pigo fupi kuliko yote na gumu kuliko yote kufanya vizuri. Ngumi imesimama wima, jicho la ngumi (upande wa kidole gumba) juu, inaenda moja kwa moja kwenye chembe cha moyo. Mguu wa kushoto unatangulia kila mara na wa kulia unafuata karibu, huku ngumi zikipokezana: kulia, kushoto, kulia. Kiwiko kiambae mbavu. Usinyooshe mkono hadi mwisho. Bakiza mkunjo kidogo. Guo Yunshen, mwanafunzi wa Li Luoneng, alipata jina kwa Beng ya nusu hatua. Masimulizi yanasema alifungwa jela, pingu za miguuni zikamnyima hatua nzima, akanoa hiyo nusu iliyobaki. Iwe kweli au la, somo lake la kiufundi ni sahihi: Beng inategemea zaidi ule mguu wa nyuma unaofuata kwa kasi kuliko mkono. Kugeuka katika Beng kuna umbo lake lenyewe, liitwalo paka mwitu anayepanda mti kichwa chini, lenye teke la unyayo uliofunguka. Jifunze kwa kuona, maneno hayatoshi.

Pao, moto. Hapa unaacha mstari ulionyooka na kwenda mshazari, nyuzi 45 kulia kisha kushoto. Mkono mmoja unapanda ukijisokota hadi karibu na panja, ngumi ya pili inalipuka kutoka kifuani. Mguu wa mbele ni wa upande usiopiga: mguu wa kushoto mbele, ngumi ya kulia inapiga, mkono wa kushoto uko juu. Mkono wa juu haukingi kwa kugonga. Unasokota, na huo msokoto ndio unaomtelezesha mpinzani nje ya mstari. Bega likipanda pamoja nao umeshapoteza nusu ya pigo.

Heng, udongo. Nayo huenda mshazari. Ngumi ya nyuma hupita chini ya kiwiko cha mkono wa mbele, kisha hutoka ikijisokota hadi upande wa vidole utazame juu, huku mkono mwingine ukirudi na kugeukia chini. Mguu wa mbele, kama katika Pao, ni ule wa upande usiopiga. Nguvu ya kukingama imo, lakini haionekani: mtazamaji aone ngumi inakwenda mbele, na anayeguswa ndiye asikie anasogezwa pembeni. Ukiona mkono wako unafagia kama mlango, umezidisha. Heng ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo sababu huwekwa mwisho. Msokoto wake upo ndani ya mapigo yote mengine manne, na hapo ndipo udongo unapoistahili ile sifa ya umama.

Hatua ya tano: kugonga kitu

Hewa haikosoi. Baada ya miezi michache tafuta gunia lililojazwa nguo kuukuu, si mchanga. Mchanga hutuama chini ukawa jiwe. Funga vifundo vya mikono kwa bandeji. Simama karibu, karibu kuliko mtu wa ndondi angesimama, kwa sababu Xingyi hupigia pale ambapo mguu wako wa mbele umeingia kwenye nafasi ya mpinzani. Anza na Beng kwa nguvu ndogo, ukitazama kifundo kisijikunje. Kisha Pi kwa sehemu ya chini ya kiganja. Gunia likisukumwa mbali na kurudi likibembea, umesukuma. Likijikunja pale ulipopiga, umepiga.

Hatua ya sita: mzunguko wa kushinda, na mwenzako

Hapa nadharia inaanza kulipa. Kila ushindi katika mzunguko wa pili una sababu inayoonekana.

Chuma hukata mti: mwenzako anakuja na Beng, mkono wake umenyooka mbele. Pi inaangukia mkono huo kutoka juu na kuendelea usoni. Mstari ulionyooka ni dhaifu kwa kinachoushukia kutoka juu.

Moto huyeyusha chuma: Pi inashuka, wewe unajibu kwa Pao. Mkono mmoja unaupokea mshuko huo ukisokota kwenda juu, wa pili unaingia kifuani ambako kumebaki wazi.

Maji huzima moto: Pao imeinua mkono mmoja na kutuma mwingine. Unaufunika ule unaokuja, na Zuan inapanda katikati ya mikono miwili iliyoachana, hadi kidevuni.

Udongo huzuia maji: Zuan inapanda katikati. Heng inaigusa kutoka pembeni na kuitoa kwenye njia kabla haijafika kimo chake. Hakuna haja ya kushindana nayo kwa nguvu.

Mti hupenya udongo: Heng inafanya kazi kwa upande, kwa hiyo katikati pana mwanya wa muda mfupi mno. Beng, iliyo fupi kuliko zote, inaingia humo.

Fanyeni kwa zamu, polepole, mmoja akishambulia na mwingine akijibu, halafu jibu hilo liwe shambulio jipya. Beng inajibiwa na Pi, Pi na Pao, Pao na Zuan, Zuan na Heng, Heng na Beng, na mmerudi mlipoanzia. Shule nyingi zina zoezi la watu wawili lililojengwa juu ya mnyororo huu. Ngumi isimame umbali wa kiganja kutoka mwilini mpaka mzoeane, na mkianza kugusana vaeni kinga ya meno. Zuan na Pi zinaelekea usoni.

Sasa tahadhari kwa wanaopenda majedwali. Mzunguko huu unasema pigo lipi lina pembe nzuri dhidi ya lipi. Hausemi lolote kuhusu anayechelewa. Pi iliyochelewa haikati Beng yoyote, na Beng ya mtu mwenye miguu mizuri itapita katikati ya Heng, Pao na kila kitu kingine. Jaribuni hivi: mshambulizi achague mwenyewe kati ya mapigo mawili, tuseme Beng na Zuan, bila kumwambia mwenzake. Mtashangaa jinsi ile orodha mliyoikariri inavyoyeyuka. Kinachobaki ni kile ambacho mwili umeshika, nacho mara nyingi ni Pi, kwa sababu ndiyo mliyoifanya kuliko zote.

Mkiweza hilo bila kuvunja mkao, kinachofuata ni Lianhuan, umbo fupi linaloyaunganisha mapigo matano kwa mpangilio usio wa mzunguko wowote, kisha miondoko inayoiga wanyama kumi na wawili. Kwa hayo tafuta mwalimu. Na ukimpata, mwombe akuonyeshe Santi yake kwanza, kisha akuruhusu usukume kiganja chake cha mbele.